Vipimo vya haraka vya TB kwa wanaoishi na VVU: kipi kinanasa wodini, kipi kinapitwa kliniki

Utepe wa mkojo unaookoa maisha wodini karibu hauna kazi kwa mtu mwenye nguvu zake aliyekuja kliniki kuchukua ARV. Maswali ya dalili yanayofanya kazi vizuri kwa mtu aliyegundulika na VVU leo huwakosa karibu nusu ya wagonjwa wa TB walio kwenye dawa tayari. Kwa hiyo hatutangazi mshindi mmoja hapa. Tunapitia vitu vitano anavyokutana navyo mtu anayeishi na VVU kabla ya kuambiwa ana TB au hana: maswali manne ya dalili, CRP ya tone la damu, eksirei ya kifua, Xpert Ultra ya makohozi (kipimo cha vinasaba vya TB) na LAM ya mkojo (ule utepe). Kwa kila kimoja tunasema kinafaa kwa nani, na kinaharibikia wapi mikononi mwetu sisi watoa huduma.

Kila kipimo kina namba mbili za kuangalia. Ya kwanza ni wangapi kinawanasa kati ya wagonjwa 100 wenye TB kweli. Ya pili ni wangapi kinawaachia kwa haki kati ya watu 100 wasio na TB. Tukiandika 84 na 37, maana yake ni kwamba kinanasa 84 na kuwaachia 37, na wale 63 waliobaki wanapewa hofu ya bure na kupelekwa maabara. Namba hizi hupatikana zaidi kwa kulinganisha na kuotesha vimelea, kazi inayochukua wiki kadhaa.

Kinachofanya VVU ibadilishe hesabu yote ni mwili wenyewe. Mashimo kwenye mapafu, ambayo ndiyo kiwanda cha vimelea kwenye makohozi, hutengenezwa na kinga ya mwili inapopigana. Kinga ikishuka, mashimo ni machache, vimelea vya kwenye makohozi vinapungua, na ugonjwa unasambaa kwingine: tezi, damu, figo, utando wa ubongo. Hadubini inahitaji vimelea kama 10,000 katika kila mililita ya makohozi ndipo ivione. Mgonjwa wa aina hii mara nyingi hafiki hapo, na wengine hawana makohozi kabisa.

Maswali manne

Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kila anayeishi na VVU aulizwe katika kila hudhurio kuhusu kikohozi, homa, kupungua uzito na kutokwa jasho usiku. Likiwepo jibu la ndiyo hata moja, anapelekwa kwenye kipimo cha kuthibitisha. Maswali haya hayahitaji umeme, hayahitaji damu, na hakuna kituo kinachoweza kusema yameisha stoo.

Kwa mtu ambaye bado hajaanza ARV, namba za maswali haya ni 84 na 37. Si mbaya kwa kunasa, ni dhaifu kwa kuachia. Kwa mtu aliye kwenye ARV na anayehudhuria kliniki kama kawaida, hushuka hadi 53 na 70. Hapo ndipo wengi hawapendi kupaangalia. Chukua watu 1,000 walio kwenye dawa, 20 kati yao wakiwa na TB. Maswali manne yatawanasa 11, yatawakosa 9, na yatawapeleka maabara 294 wasio na kitu. Wale 9 wanarudi nyumbani na dawa zao, huku tiki nne za "hapana" zikiwa kwenye faili. ARV hupunguza dalili, na TB inayoanza polepole kwa mtu mwenye kinga iliyopanda inaweza kukaa kimya kwa muda mrefu.

Namba hizo zinapatikana maswali yakiulizwa vizuri. Yakiulizwa ovyo ni mbaya zaidi, na kuna makosa matatu ambayo hayaishi. La kwanza ni kuuliza kikohozi cha wiki mbili. Hicho ni kigezo cha watu wasio na VVU. Kwa anayeishi na VVU, kikohozi cha leo asubuhi kinahesabika. La pili ni kuyafunga maswali yote kwenye sentensi moja, "huna shida yoyote, eeh?", na kupiga tiki nne kwa mkupuo. La tatu ni kumuuliza mtu kama amepungua badala ya kumpima. Mtu aliyetoka kilo 61 hadi 57 ndani ya miezi mitatu anaweza kukujibu kwa moyo mweupe kwamba hajapungua. Mizani na uzito wa hudhurio lililopita ndivyo vinavyojibu swali hilo.

Kwa watoto walio chini ya miaka 10 maswali hubadilika: kikohozi, homa, kutoongezeka uzito inavyotakiwa, na kama kuna mtu wa karibu mwenye TB. Hilo la mwisho lisiachwe hata siku moja.

CRP ya tone la damu

CRP ni protini ambayo ini huitengeneza mwili unapopambana na uvimbe au maambukizi. Tone la damu ya kidole, mashine ndogo ya mezani, dakika chache, na namba inatokea. Mwaka 2021 WHO liliikubali kwa kuchuja TB kwa wanaoishi na VVU, kiwango cha kukata kikiwa zaidi ya miligramu 5 kwa lita.

Hiki ni kipimo cha mtu mpya. Kwa ambao hawajaanza ARV, namba zake ni 89 na 54, bora kuliko maswali pande zote mbili. Tuseme watu 1,000 wapya, 100 wakiwa na TB. Maswali yatanasa 84 na kuwasumbua bure 567. CRP itanasa 89 na kuwasumbua 414. Hapo umeokoa katriji za Xpert (vikasha vya kipimo hicho vinavyotumika mara moja) zaidi ya 150 na bado umepata wagonjwa watano zaidi. Kituo kinachopokea watu wengi wapya na kuhesabu katriji moja moja kitaiona faida hiyo.

Kwa walio kwenye ARV namba ni 40 na 80. Hapo hatuishauri kama mchujo wa peke yake. Mtu asije akaambiwa "CRP yako nzuri" akaachwa aende na kikohozi chake.

Mambo mawili ya kuangalia unaponunua. Mashine itoe namba kamili na iweze kusoma chini ya 5, maana tepe za kukadiria kwa macho zilizowekewa mpaka wa 10 hazikupi kigezo kinachotakiwa. Pia kwa damu nzima, mashine isiyorekebisha wingi wa chembe nyekundu inaweza kuyumba kwa mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, na wagonjwa wa aina hiyo ni wengi sana kwenye kundi hili. Zaidi ya hayo, CRP haijui TB. Nimonia ya kawaida, jipu, jino bovu, vyote vinaipandisha. Ikipanda, kazi yake ni kumsogeza mtu kwenye kipimo cha makohozi, basi.

Eksirei

Eksirei ndiyo inayoziba pengo la walio kwenye ARV. Ukiichanganya na maswali, yaani ukihesabu dalili yoyote au kasoro yoyote kwenye picha, namba kwa kundi hilo hufika 85 na 33. Kwenye wale watu 1,000 wenye wagonjwa 20, sasa unanasa 17 badala ya 11. Gharama yake ni kwamba watu 657 wasio na TB wanaelekea maabara badala ya 294. Sita zaidi wamepatikana, na kazi ya maabara imezidi mara mbili. Mahali penye mashine na katriji za kutosha tunasema fanyeni, angalau mara moja kwa mwaka kwa anayeendelea na dawa. Mahali ambapo katriji huisha kabla ya mwezi kwisha, mtaongeza foleni na majibu ya wagonjwa wa kweli yatachelewa.

Programu za kompyuta zinazosoma picha zimekubaliwa na WHO tangu 2021 kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Ni msaada mkubwa pasipo na mtaalamu wa kusoma picha, ila alama ya kukata isichukuliwe kama ilivyotoka kiwandani. Makovu ya TB ya zamani huipandisha alama, na kinga iliyoshuka sana huishusha, kwa sababu picha ya mtu mwenye CD4 (chembe za kinga kwenye damu) 30 inaweza kuonekana safi kabisa huku vimelea vimejaa kwenye damu. Picha safi kwa mgonjwa mahututi isimfungie mtu mlango.

Xpert na Ultra

Xpert MTB/RIF ya kampuni ya Cepheid ilikubaliwa na WHO Desemba 2010, na mrithi wake Ultra Machi 2017. Zote hutumia mashine ileile ya GeneXpert, zote huangalia pia usugu wa rifampisini, dawa kuu ya TB. Tofauti iko kwenye kiasi kidogo kabisa zinachoweza kukiona: Xpert ya zamani ilihitaji vimelea kama 113 kwa mililita, Ultra inaridhika na kama 16. Katika utafiti mkubwa wa nchi nane uliochapishwa 2018, kwa wanaoishi na VVU Ultra ilinasa 90 kati ya 100, Xpert 77. Kwa kuachia, kwa washiriki wote kwa jumla, Ultra ilipata 96 na Xpert 98.

Zile mbili zilizopungua hazikupotea hovyo. Ultra hutafuta vipande vya vinasaba ambavyo kimelea kimoja kinavyo nakala nyingi, kwa hiyo huona hata mabaki ya vimelea vilivyokufa. Mtu aliyewahi kutibiwa TB, hasa ndani ya miaka mitano iliyopita, anaweza kuonekana anayo wakati ameshapona. Ndipo linapotokea jibu la trace, lile linalosema vimelea ni kidogo mno hata usugu wa rifampisini hauwezi kusomwa. Kanuni kwa anayeishi na VVU iko wazi: trace ni TB, anza dawa, usirudishe sampuli maabara kusubiri jibu la pili. Isipokuwa kama alishatibiwa miaka ya karibuni. Huyo muulize alimaliza lini, tazama eksirei, tazama hali yake leo, omba kuotesha, kisha amua. Karatasi ya maabara haiwezi kuamua hilo kwa niaba ya daktari, na fomu ya maombi isiyo na historia ya matibabu inamnyima daktari huyo nusu ya jibu.

Mezani, hatua zenyewe si nyingi. Makohozi yasipungue mililita 1. Mimina kimiminika cha kuyeyushia, sehemu mbili kwa sehemu moja ya makohozi. Funga, tikisa kwa nguvu mara 10 hadi 20, acha dakika 10, tikisa tena, acha dakika 5. Kabla ya kuvuta, angalia kama yamelainika kama maji. Kama bado kuna nyuzi na mabonge, yaache kidogo na utikise tena. Vuta mililita 2 kwa pipeti iliyokuja na kifurushi na uingize kwenye katriji taratibu bila povu, kisha anzisha mashine mara moja. Ultra hutoa jibu chini ya dakika 90.

Wanaoharakisha zile dakika 15 ndio wanaotuletea makosa. Kosa namba 2008 ni la shinikizo: kitu kizito kimeziba njia, mara nyingi makohozi ambayo hayakuyeyuka, damu au mabaki ya chakula. Mgonjwa asukutue mdomo kwa maji kabla ya kukohoa, na tatizo hili hupungua sana. 5006 na 5007 huonyesha kuwa ukaguzi wa ndani wa kemikali haukupita, na mara nyingi sampuli haikutosha au katriji zilihifadhiwa vibaya. Katriji zinatakiwa kati ya nyuzi 2 na 28, mashine yenyewe kati ya 15 na 30. Stoo ya bati mchana wa jua kali inaharibu boksi zima na hakuna atakayeona kwa macho. Kosa lolote likitokea, rudia kwa katriji mpya na sampuli iliyobaki, na uandike namba ya kosa pamoja na namba ya moduli, yaani sehemu ya mashine iliyopokea katriji. Makosa yakijirudia kwenye moduli ileile, shida si sampuli.

Lawama yetu kubwa haiko kwenye kipimo. Iko kwenye dakika 90 zinazogeuka siku nne. Sampuli inasubiri pikipiki, inasubiri kundi, jibu linasubiri mtu wa kulichukua. Kwa mtu wa kliniki anayetembea, siku nne zinavumilika. Kwa aliyelazwa na CD4 40, anaweza kufa kwenye foleni hiyo.

LAM ya mkojo

Hiki ndicho tunachotaka kukizungumza kwa kirefu, maana ndicho kinachodharauliwa na kutumiwa vibaya kuliko vyote. LAM ni lipoarabinomanani, mafuta yenye sukari kwenye ukuta wa kimelea cha TB. Kimelea kikivunjika, huingia kwenye damu, na hupita kwenye figo hadi kwenye mkojo. Figo zenyewe zikiwa na TB, mkojo hubeba zaidi. Kwa hiyo kipimo hiki kinakwenda kinyume na vingine vyote: kinga ikishuka, chenyewe kinapanda.

Kwa wanaoishi na VVU wenye dalili za TB, utepe wa Determine TB LAM Ag wa kampuni ya Abbott una 42 na 91 kwa jumla. Igawe jumla hiyo, uone picha kamili: waliolazwa ni 52 na 87, wa kliniki ni 29 na 96. Tena hiyo 87 inakionea kidogo. Wengi wanaohesabiwa kuwa wamenaswa kwa makosa ni watu ambao hawakuweza kutoa makohozi, kwa hiyo TB yao haikuthibitishwa na kipimo kingine.

Kunasa nusu kunaonekana kidogo hadi uangalie ni nusu ipi. Ni ile iliyo karibu zaidi na kifo. Utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za Afrika Kusini, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, uliochapishwa 2016, uliwagawa wagonjwa waliolazwa: wengine walipimwa kwa njia za kawaida, wengine wakaongezewa LAM. Vifo ndani ya wiki nane vilikuwa asilimia 25 upande mmoja na 21 upande wa LAM. Utafiti mwingine wa Malawi na Afrika Kusini, wa 2018, uliwapima wote waliolazwa bila kujali dalili. Kwa jumla tofauti ya vifo haikutosha kuthibitishwa, lakini ilionekana kwa wenye CD4 chini ya 100, wenye upungufu mkubwa wa damu, na wale ambao daktari alishawashuku. Vipimo vichache sana vya maabara vina ushahidi wa kupunguza vifo. Hiki kinao.

WHO lilipanua matumizi yake 2019. Aliyelazwa apimwe kama ana dalili za TB ya mapafu au nje ya mapafu, kama ana VVU iliyokithiri au ni mahututi, au kama CD4 ziko chini ya 200 hata bila dalili yoyote. Wa kliniki apimwe kama ana dalili au ni mgonjwa sana, au CD4 ziko chini ya 100 hata bila dalili. Nje ya hapo usipime. Chukua watu 1,000 wa kliniki wasio na dalili, 10 wakiwa na TB, na ukipe kipimo zile namba nzuri za wenye dalili, 29 na 96. Utawanasa watatu na kuwaandikia TB kimakosa kama 40. Yaani kati ya kila majibu 43 ya ndiyo, 40 ni ya uongo.

Sasa mikono. Utepe wa LAM unafanana na utepe wa Determine wa kupima VVU, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu wahudumu wanahamisha mazoea. Wa VVU unachukua mikrolita 50, LAM ni 60. Wa VVU kwa damu ya kidole unahitaji tone la bafa (kimiminika cha kusukumia sampuli), LAM haihitaji bafa yoyote. Wa VVU unasomwa kuanzia dakika 15 hadi 60. LAM inasomwa dakika ya 25 na isizidi ya 35. Na kubwa zaidi: kwa VVU mstari wowote unaoonekana ni mstari. Kwa LAM mstari lazima ufikie au upite mstari hafifu kabisa kwenye kadi ya kulinganishia. Kivuli kisichofika hapo ni hapana.

Kadi hiyo iwe mkononi, si kwenye kumbukumbu. Uilaze sambamba na utepe, chini ya mwanga mzuri, mstari kwa mstari. Kadi ya zamani ilikuwa na ngazi tano, na Januari 2014 ilibadilishwa ikawa ya ngazi nne: ngazi ya pili ya zamani ndiyo ya kwanza sasa. Anayetumia kadi ya zamani iliyosahaulika kwenye droo, akahesabu ngazi ya kwanza kuwa ndiyo, anawaandikia TB watu wasiokuwa nayo. Hesabu ngazi za kadi uliyonayo leo.

Mkojo ukusanywe kwenye kikopo safi kisicho na dawa ya kuhifadhia. Mgonjwa aelezwe kuepuka kuchanganya na kinyesi, kwa sababu bakteria wengine wa jamii hii na baadhi ya vimelea vya nje wana kemikali zinazofanana na LAM. Kwa mwenye mpira wa mkojo, usichote kwenye mfuko uliokaa tangu jana, kusanya unaotoka sasa. Ukiwa na mashapo, uache utulie na uvute wa juu. Usipoweza kupima mara moja, uweke kwenye friji, na uandike saa uliyoukusanya. Chana utepe kuanzia kulia ili namba ya toleo ibaki kushoto kwenye kadi, vuta mikrolita 60 kwa pipeti iliyopimwa, weka kwenye pedi ya sampuli, kisha andika saa pembeni ya utepe kwa kalamu. Tone la kukisia kwa macho leo ni 40, kesho 80, na matokeo yanayumba hivyohivyo. Mstari wa udhibiti usipotokea, kipimo ni batili hata kama wa mgonjwa umewaka. Rudia kwa utepe mpya.

Wodini penye pilikapilika, kosa tunaloliona zaidi ni la saa. Muuguzi anaweka mkojo, anaitwa kitanda kingine, anarudi baada ya saa nzima na kuona mstari. Mstari wa saa nzima haukubaliki kwa upande wowote. Kengele ya simu ya dakika 25 inatosha kulimaliza tatizo hilo.

LAM ikisema ndiyo, anza dawa za TB siku hiyohiyo. Ila haikuambii chochote kuhusu rifampisini, kwa hiyo makohozi yaende Ultra hata hivyo. Ikisema hapana, haijasema kitu. Kati ya wagonjwa 100 wa TB walio wodini, inawakosa 48. Kwa mgonjwa mahututi, LAM ya hapana isizuie matibabu ambayo daktari angeyaanza bila kipimo.

Ipo LAM nyingine, FujiLAM, inayokuza mstari kwa kutumia fedha, yaani madini, na kuchukua kama saa moja. Kwenye sampuli zilizogandishwa za hospitali za Afrika Kusini, matokeo yaliyotoka 2019, ilinasa 70 ambapo Determine ilinasa 42. Tulifurahi mapema. Tathmini zilizofuata zilionyesha matoleo ya kiwandani yanatofautiana mno, toleo hili na lile, na WHO halijaipendekeza. Msiiweke kwenye bajeti.

Kuvipanga

Wodini, maswali manne ni kupoteza muda. Namba zake huko ni 96 na 11: kati ya watu 100 waliolazwa, 20 wakiwa na TB, yatasema ndiyo kwa 90. Mahali ambapo zaidi ya asilimia 10 ya waliolazwa wana TB, WHO linashauri tangu 2021 kwenda moja kwa moja kwenye kipimo cha vinasaba kwa wote. Mwaka 2024 likaongeza kwamba mwenye VVU na dalili, au aliyenaswa kwenye mchujo, apimwe Ultra ya makohozi na LAM ya mkojo kwa pamoja, sio kimoja kisubiri kingine. Tunaunga mkono bila kusita. Vipimo hivi viwili vinanasa watu tofauti, na mkojo unapatikana hata kwa asiyeweza kukohoa. Saa ya kulazwa, vikopo viwili vitolewe kwa pamoja. Kikopo cha makohozi kikirudi kitupu hadi kesho, kile cha mkojo kimeshatoa jibu.

Mtoto mwenye VVU aongezewe kinyesi. Ultra ya kinyesi humwepusha mtoto na mpira wa puani wa kuvuta maji ya tumboni, na kwenye mwongozo huohuo wa 2024 sampuli ya njia ya hewa, kinyesi na mkojo hupimwa kwa pamoja.

Mtu mpya wa kliniki, ambaye hajaanza ARV: CD4, maswali, na CRP ikipatikana. CD4 zikiwa chini ya 100, LAM hata akiwa anacheka. Anayeendelea na ARV: maswali yaulizwe vizuri kila hudhurio, mizani kila hudhurio, eksirei pale uwezo unaporuhusu. Akiwa hana dalili hata moja, apewe tiba ya kuzuia TB. Kukosekana kwa eksirei, CRP au LAM kusiwe sababu ya kumnyima.